Treni Iliyomchukua Wifi

Ujumbe wa mkwe uliwakuta bado wanasubiri mabegi uwanja wa ndege, nao ukavuruga kila kitu kilichokuwa kimepangwa. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Bi Haloo aliisogeza simu sikioni, akausikiliza hadi mwisho, akaurudia, ndipo akamgeukia mwenzake na kumweleza. Binti ameshikwa na uchungu tangu usiku, kabla ya siku zake. Yuko hospitali, na mumewe hawezi kumwacha peke yake aje kuwapokea. Kwa hiyo wapande treni mpaka stesheni kuu, hapo wabadilishe, wapande nyingine ya kwenda mji wao, washuke kituo cha mwisho. Tiketi ameshazilipia, zimo ndani ya simu.

“Amesema ni rahisi sana,” Bi Haloo alimalizia. “Lugha ninayo, wifi. Wewe nifuate tu.”

Mama Pasi alikaza macho kwenye mkanda wa mabegi. Tangu ndege iliporuka alikuwa akimfuata, na hata kabla ya ndege alikuwa akimfuata, na kama angeulizwa angesema kwamba maisha yake yote ya ndoa alikuwa akimfuata mwanamke huyu.

Bi Haloo alikuwa dada mkubwa wa marehemu mumewe. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu ya kazi yake: alikuwa mpokea simu wa kampuni kubwa ya mizigo mpaka alipostaafu, na kwa miaka yote hiyo aliongea na wageni wa nchi za mbali kwa lugha yao, kwa sauti laini iliyowafanya wadhani wanaongea na malkia. Sauti alikuwa nayo kweli. Nchi zenyewe hakuwahi kuzikanyaga. Mama Pasi naye alikuwa dobi katika hoteli moja, mtu wa mashuka na mataulo na pasi nzito. Lugha ya kigeni aliyokuwa nayo haikuzidi salamu na neno la kuomba radhi.

Wala si lugha iliyowatenganisha. Binti alipoingia sekondari alikwenda kuishi kwa shangazi yake, maana nyumba ya shangazi ilikuwa karibu na shule, na alirudi kwa mama yake amekuwa mtu mzima anayecheka kama shangazi, anayekunja kitambaa cha kichwa kama shangazi. Na mimba ilipokuwa kubwa, alipopiga simu kuomba mtu wa kumsaidia, alisema, “Mama, njoo, na shangazi aje pia.” Hilo neno la pili Mama Pasi alilimeza, lakini lilimkaa kooni hadi siku hiyo.

Treni ya kwanza haikuwasumbua sana, kwa sababu abiria wote walikuwa wanakwenda mahali pamoja na iliwatosha kuburutwa na wenzao. Tabu ilianza waliposhuka stesheni kuu.

Mama Pasi hakuwa amewahi kuona jengo kama lile. Lilikuwa na paa la vioo juu kabisa, chini yake ghorofa juu ya ghorofa, na kila ghorofa ina treni zake. Ngazi za umeme zilipanda na kushuka zikiwa zimejaa watu wanaotembea juu ya ngazi zinazotembea, kana kwamba ngazi zenyewe zinawachelewesha. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mtu alikuja kwa kasi mpaka puani kwako, na dakika ya mwisho akakukwepa bila hata kuinua macho.

Walifika kwenye mageti yanayofunguka ukiyaonyesha tiketi. Bi Haloo aliinua simu, akaiweka karibu na pua kama anayeinusa, akatafuta tiketi kwa muda mrefu huku watu wakijazana nyuma yao. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake safari nzima. Mama Pasi aliamini anaificha simu makusudi, mtu mwingine asije akachungulia. Hatimaye geti lilifunguka, Bi Haloo akapita. Mama Pasi akamfuata mgongoni na mabegi mawili, kubwa la kwake na lile la bluu la wifi, na milango ikajifunga ikalibana lile kubwa katikati. Alivuta. Halikuja. Nyuma yake mtu alishusha pumzi kwa nguvu, mwingine akasema kitu, kisha foleni nzima ikamhama kama maji yanavyokwepa jiwe, kila mmoja akipita geti la pili na kumtupia jicho.

Alikuja mlinzi mwanamke, akafoka. Bi Haloo alimjibu kwa ile sauti yake ya kazini, na mlinzi akalainika, akafungua. Badala ya kushukuru, Mama Pasi alihisi uso unamuwaka. Wifi alikuwa amemcheka na mlinzi? Hakuelewa walichosema. Alichoona ni kwamba wote wawili walitabasamu, na yeye ndiye aliyekuwa amekumbatia begi lililokwaruzwa.

Katika ukumbi mkubwa kulikuwa na ubao wa umeme uliotanda ukuta mzima, umejaa majina ya miji, saa na namba. Mama Pasi alisimama mbele yake akautazama kwa makini. Jina la mji wa binti alilijua kwa sura, maana lilikuwa limeandikwa kwenye vifurushi vyote vilivyotumwa nyumbani. Alilipata. Pembeni yake kulikuwa na namba nne. Namba hazikumtisha, kazini kwake kila furushi la nguo lilikuwa na namba ya chumba, na ukikosea unampelekea mzee wa watu gauni la bibi harusi.

“Nne,” alisema.

“Nimesikia,” Bi Haloo alijibu. Alikuwa amesimama moja kwa moja chini ya kipaza sauti, shingo ameipinda, ubao ameupa kisogo. “Wametangaza sasa hivi. Jukwaa namba nne. Twende.”

Walikwenda wakasimama pale. Mama Pasi alipogeuka kutupa jicho la mwisho kwenye ubao mdogo wa pale jukwaani, jina la mji wa binti halikuwepo tena. Alirudi hatua chache hadi alipoweza kuuona ule mkubwa. Jina lipo, namba imekuwa kumi na moja. Alirudi mbio akamwambia wifi yake.

“Wametangaza nne, nimesikia kwa masikio yangu,” Bi Haloo alisema. “Wakibadilisha watatangaza. Hawa ni watu wa utaratibu.”

“Wameshabadilisha. Njoo uone mwenyewe.”

“Wifi, mimi nimefanya kazi na watu hawa kabla hujaolewa. Tulia.”

Mama Pasi alitulia. Hilo ndilo alilokuja kujilaumia baadaye, kutulia kule. Alisimama pale amevimba, akitamani wifi yake aumbuke. Treni iliingia, Bi Haloo akamuuliza abiria mmoja kama ni yenyewe, na abiria akatikisa kichwa. Ya mji ule ilikuwa namba kumi na moja, alisema, na ameiona ikiondoka.

Waliumbuka wote wawili. Wifi yake alipokosa treni, na yeye alikuwa ameikosa.

Waliingia foleni ya ofisi ya tiketi, ndefu, inayojikunja kama utumbo. Msichana wa dirishani aliwaambia wanaweza kutumia tiketi zile zile kwa treni inayofuata, na Bi Haloo akatafsiri kwamba watajulishwa pa kupandia. Mama Pasi aliuliza watajulishwa na nani. Bi Haloo alisema, watajulishwa, basi. Walikaa kwenye benchi la chuma, kila mmoja upande wake, begi la bluu katikati kama mtoto aliyetumwa kuwasuluhisha. Mama Pasi alimfikiria binti yake amelala huko, amemng’ang’ania mume mkono, na yeye aliyevuka mawingu ili amshike mkono huo amekaa anatazama watu wakinunua maua na magazeti. Aliona kama anachekwa.

Tangazo la treni yao lilitoka wakati mfanyakazi wa usafi akipita na mashine ya kusugua sakafu, inayonguruma kama gari bovu. Bi Haloo alisimama, akaziba sikio moja, akakunja uso.

“Sita,” alisema. “Nadhani ni sita.”

Safari hii ubao nao ulisema sita. Lakini jukwaa la sita lilikuwa ghorofa ya chini na lifti ilikuwa imefungwa kwa mkanda wa njano, kwa hiyo walishuka ngazi. Mama Pasi alibeba mabegi yote, maana Bi Haloo mkono mmoja ameshika mkoba na wa pili ameung’ang’ania ukuta, akishuka daraja moja moja kama bibi harusi anayesubiri kupigwa picha. Watu waliwapita kushoto na kulia. Mama Pasi alifika chini, akageuka, akamwona bado yuko katikati ya ngazi na madaha yake, na damu ikamchemka.

“Treni itaondoka, wifi,” alisema.

“Nakuja. Sikimbizwi mimi.”

Jukwaa lilikuwa na treni pande zote mbili, moja kulia, moja kushoto, zote milango wazi. Bi Haloo alimwendea mtu mwenye sare, akamuuliza, na yule mtu akanyoosha mkono haraka haraka na kuendelea na safari yake. Bi Haloo alikwenda alikodhani mkono umeelekea, akaingia kwenye treni ya kulia. Mama Pasi alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani alipoona maandishi juu ya mlango. Hayakuwa jina la mji wa binti. Hata herufi ya kwanza haikuwa yenyewe.

“Wifi, siyo hii.”

“Ingia.”

“Siyo hii, nakwambia. Soma hapo juu.”

“Nimeelekezwa hii. Mbona unapenda ubishi? Ingia tukakae.”

Mama Pasi aliutoa mguu. Alitaka tu kutazama ubao ulioning’inia katikati ya jukwaa, apate ushahidi, aje amwonyeshe wifi yake kwa kidole. Alitazama. Jina la mji wa binti lilikuwa pale, na mshale pembeni yake ulielekea kushoto. Aligeuka na ushindi wake mdomoni, na wakati huo huo mlango ukalia, ukajifunga.

Walitazamana kwa kioo. Bi Haloo aliweka kiganja juu ya kioo, midomo inacheza, sauti haisikiki. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Mama Pasi aliona hofu kwenye uso ule. Treni ikaanza kutembea, polepole, kisha si polepole tena, ikaingia gizani na taa zake nyekundu.

Alipiga kelele. Hakuna aliyegeuka.

Simu alikuwa nayo Bi Haloo. Tiketi zilikuwa ndani ya simu. Simu ya Mama Pasi haikushika mtandao tangu walipotua. Alichobaki nacho ni pasipoti yake, mabegi mawili, na ile treni ya kushoto, ya kweli, iliyokuwa bado imesimama milango wazi.

Jambo hili hakumsimulia mtu kwa muda mrefu. Alilinyanyua begi lake kubwa akaliingiza ndani ya treni ile. Akili yake ilikwenda mbio. Kituo cha mwisho, mkwe alisema, na kituo cha mwisho hakihitaji lugha, unakaa mpaka kila mtu ashuke. Wifi ana simu, ana lugha, ana ule ujuzi wake wote, atajua la kufanya. Naye angefika kwa mwanawe peke yake, mama mtu, bila kivuli cha mtu mwingine mlangoni. Alikuwa ameshainama kulichukua lile begi la bluu alipojisikia akilipima uzito mkononi. Atamwambia nini binti, akiingia na begi la shangazi bila shangazi?

Alilaani kimoyomoyo, akalivuta begi lake kubwa nje, na milango ikafungwa mbele yake mara ya pili.

Treni iliondoka. Mama Pasi aliketi juu ya begi akalia, si kilio cha huzuni bali cha mtu aliyechoshwa, kamasi na machozi, hasira tupu. Alimkasirikia wifi yake, akamkasirikia mkwe aliyesema ni rahisi, akaikasirikia milango isiyo na mtu wa kuiomba.

Aliamua hatatoka pale. Akili yake ilimwambia kwamba wifi akirudi atarudi alipomwacha. Treni zilikuja na kuondoka, zikatapika watu na kumeza wengine, na kila mara alisimama, akakagua nyuso, akaketi. Mtu mwenye sare alikuja akamwuliza jambo. Alidhani anaulizwa tiketi. Alisema jina la mji wa binti, akasema “wifi”, akaonyesha kwa kidole kule gizani. Mtu yule alisema maneno mengi kwa upole wa kujilazimisha, akamwashiria apande juu. Mama Pasi alitikisa kichwa. Yule akaashiria tena. Mama Pasi aliyakumbatia mabegi, akatazama chini, akajitia hamnazo, na mwisho yule mtu alichoka akaondoka akikuna kichwa.

Ni baada ya hapo ndipo vipaza sauti vya stesheni, vilivyokuwa vikibwabwaja tangu asubuhi, vilipokwaruza, vikanyamaza, kisha vikasema, “Haloo.”

Mama Pasi aliinua kichwa.

“Haloo, haloo. Huu ni ujumbe kwa Mama Pasi. Wifi yangu, ni mimi. Nilishuka kituo cha kwanza, nimesharudi, niko hapa hapa stesheni. Kama bado upo, usipande kitu chochote. Mtafute mtu yeyote mwenye koti la rangi ya chungwa, mwambie neno hili.” Akalitaja neno la kigeni, mara mbili, amelikata vipande vipande kama anayemlisha mtoto. “Atakuleta niliko. Na begi langu la bluu usiliache, dawa zangu zimo. Nimepewa dakika moja tu na naambiwa nimeimaliza. Haloo.”

Sauti ile ilijaa jengo zima, kutoka chini ya ardhi hadi kwenye paa la vioo. Laini, safi, haina hata chembe ya wasiwasi, kama vile kila siku pale watu hutangaziwa kwa Kiswahili. Abiria wachache walitazama juu, wakajiuliza, wakaendelea na safari zao. Mama Pasi alikuwa tayari anapanda ngazi na mabegi yake, akilitamka lile neno kwa sauti ili lisimponyoke, na mtu wa kwanza mwenye koti la chungwa aliyekutana naye alilipokea usoni kabla hajasalimiwa.

Ofisi aliyopelekwa ilikuwa chumba cha vioo nyuma ya ngazi za umeme. Bi Haloo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, uso ameuelekeza mlangoni. Mama Pasi aliingia, akasimama mbele yake, karibu kiasi cha kuguswa, akimsubiri aseme neno. Bi Haloo alimtazama usoni moja kwa moja, akatabasamu kwa adabu, na akamwambia kitu kwa lugha ya kigeni, kama mtu anavyomwambia mgeni asiyemjua.

Mama Pasi aliyatua mabegi.

“Wifi,” alisema.

Uso wa Bi Haloo ulibadilika wote. Alinyoosha mkono, ukamkosa kidogo, ukampata begani. “Mungu wangu. Ni wewe.”

“Hukuniona?”

“Taa za hapa ni kali.”

“Wifi, nimesimama mbele yako. Hukuniona?”

Bi Haloo alishughulika na zipu ya mkoba wake, akaifungua, akaifunga. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo Mama Pasi hakuwahi kuisikia, kwamba ni mtoto wa jicho. Lilianza jicho la kulia mwaka uliopita, la kushoto likafuata. Vitu vya karibu kabisa na pua anaviona. Vya mbali ni ukungu mtupu, watu kwake ni nguo zinazotembea. Daktari amesema huyo mtoto wa jicho huondolewa, ni kazi ndogo, lakini alipanga kwenda akisharudi.

Mama Pasi aliketi. Mambo ya siku nzima yalimpita kichwani: simu puani, ukuta wa ngazi, ubao uliopewa kisogo. Kama angekuwa mtu mwema kuliko alivyokuwa, pengine angemwonea huruma. Alichohisi ni hasira kupanda upya, kubwa kuliko ile ya kwanza.

“Siku nzima unaniita mbishi,” alisema. “Nakwambia soma hapo juu, unaniambia ingia. Umetukosesha treni, umetaka kunipoteza nchi ya watu, na ungesema neno moja tu. Sioni. Basi. Ningesoma mimi.”

“Ningesema, mngeniacha nyumbani.”

“Nani angekuacha?”

“Wewe,” Bi Haloo alisema. “Ungesema, shangazi macho hayaoni, atatulemea, na asibaki mtu wa kukubishia. Na ungekuwa na haki.”

Mama Pasi alitaka kukana. Lakini alijua ni kweli. Angeliona hilo kama bahati, angelisema kwa huruma nyingi mbele ya watu, na angesafiri peke yake roho yake nyeupe.

“Usimwambie mtoto,” Bi Haloo alisema.

“Sitamdanganya akiniuliza.”

“Basi asiulize leo.”

Simu ililia wakiwa bado wametazamana. Bi Haloo alisikiliza, akashika kifua, akampa mwenzake simu bila kusema. Alikuwa mkwe, analia na kucheka kwa pamoja. Mtoto amezaliwa, wa kike, mama yake mzima, amelala sasa. Wao wamefika wapi?

“Tuko stesheni,” Mama Pasi alisema.

“Stesheni ya huku?”

“Stesheni kuu, mwanangu. Bado tupo stesheni kuu.”

Mama Pasi alimpa mkwe hongera, akamrudishia wifi simu, akaenda kusimama kwenye kioo mgongo akiwa amewageuzia wote waliomo. Ameshazaliwa. Mama Pasi alikuwa na picha ya saa ile kichwani, amekuwa nayo miezi yote ile, yeye na mwanawe na kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso. Saa hiyo ilikuwa imekuja na kupita yeye akiwa amekalia begi. Hakuna ambaye angeweza kumrudishia, na hata aliyestahili kulaumiwa alikuwa nyuma yake anafuta macho yake mabovu kwa ncha ya mtandio.

Alipogeuka, alilichukua begi la bluu akalining’iniza begani.

“Nishike mkono,” alisema. “Mimi nasoma, wewe unauliza. Na nikisema siyo, siyo.”

Hata hivyo stesheni haikuwahurumia. Treni yao ilichelewa. Ubao ulisema tisa, wakaenda tisa. Ukasema mbili, wakarudi mwisho mwingine wa jengo, Mama Pasi akisonya njia nzima, Bi Haloo akimkanyaga visigino. Bi Haloo alimuuliza mwenye sare kama ni mbili kweli, akauliza na wa pili, na Mama Pasi akahakikisha jina juu ya mlango herufi kwa herufi kabla ya kumruhusu mtu kuinua mguu. Walipoingia, walikuta viti vyote vimekaliwa, na Bi Haloo akatumia ile sauti, na viwili vikaachwa.

Njiani Mama Pasi alimsomea vituo. Majina yalikuwa magumu, yamejaa herufi zinazogongana, na aliyatamka alivyoweza. Bi Haloo aliyasahihisha. Mama Pasi alisema kama anataka yasomwe vizuri ayasome mwenyewe. Bi Haloo alicheka kidogo, kisha akaacha, asijue kama ameruhusiwa kucheka. Hakuwa ameruhusiwa, si bado. Lakini kituo kilichofuata Mama Pasi alikisoma tena, na alisubiri kusahihishwa.

Walishuka jua likianza kulegea, kwenye stesheni ndogo yenye jukwaa moja na saa moja ya ukutani. Mkwe alikuja akikimbia, shati limechomoka, hajalala. Aliwakumbatia wote wawili kwa mkupuo mmoja, akaomba radhi, akaomba tena, na kabla hajachukua begi hata moja akatoa simu yake kuwaonyesha picha. Mtoto amefungwa blanketi, macho yamefumbwa, mdomo umebinuka.

Aliielekeza kwanza kwa shangazi, kwa heshima ya mkubwa. Bi Haloo aliitazama akiwa amesimama wima, simu ikiwa umbali wa mkono. Hakuisogeza puani. Alitabasamu mbele ya ule ukungu wake.

“Mzuri,” alisema. “Mzuri sana. Amefanana na kaka yangu.”

Mama Pasi alimtazama. Mkwe alikuwa anasubiri, ana furaha, hajui lolote. Ingekuwa rahisi sana kusema neno moja hapo.

“Paji la uso ndilo la kaka yako,” Mama Pasi alisema polepole, akiinamia ile picha na kuieleza kwa sauti. “Pana hivyo hivyo, na nywele zimeanzia mbali. Nywele nyingi, nyeusi, zimelala upande mmoja. Nyusi hana. Mkono mmoja ameutoa nje ya blanketi, amekunja ngumi, kama ana ugomvi na mtu.”

Bi Haloo alikuwa ametega sikio, midomo wazi kidogo. “Na pua?”

“Pua ni ya kwenu,” alisema Mama Pasi. “Maskini mtoto wa watu.”

Mkwe hakujua kama acheke. Bi Haloo aliutafuta mkono wa wifi yake, akaupata, wakaanza kumfuata kuelekea kwenye gari.